Kifaransa cha Gede hakikunipa cheti

Malindi ukisema "bonjour" watu wanakukodolea macho. Huku kwetu ni "ciao" ya Waitaliano: muuza madafu, dereva wa tuktuk, mpaka watoto wa chekechea. Mimi nilishikilia Kifaransa changu cha sekondari, nikakinoa kwa kutembeza wageni kwenye magofu ya Gede. Wageni walipoanza kuniuliza kama nimewahi kuishi Ufaransa, kichwa kikavimba.

Basi nilipotaka kwenda kusoma Ufaransa, nikairuka DELF yote, ile mitihani ya cheti cha Kifaransa inayoanzia ngazi ya A1 hadi B2, nikajiandikisha moja kwa moja DALF C1, mtihani wa ngazi inayofuata juu yake. Matatu hadi Mombasa, mtihani, nikarudi zangu. Matokeo: 58 kwa 100. Nilijua pasi ni 50, nikampigia mama, naye akabandika pilau.

Kumbe sikusoma masharti. Sehemu ni nne, kila moja alama 25, na ukipata chini ya 5 hata kwenye moja, umeanguka. Kuongea nilipata 22. Kuandika, 4. Pilau tulikula, lakini kimya kimya.

Kilichoniua kwenye kuandika ni ile wanayoita synthèse. Unapewa makala kadhaa za mada moja, uzifupishe pamoja kwa maneno kama 220, kwa lugha yako, bila kutia rai yako hata kidogo. Mimi mtembeza wageni, kazi yangu ni kutia chumvi! Aya ya kwanza tu nilishatoa maoni, na maneno yakapita 300. (Kuhesabu nako kuna kanuni zake: "c'est-à-dire", yaani "yaani", ni neno moja, si manne.)

Nilimwendea mwalimu mmoja mstaafu. Kwa miezi minne alinipa makala mbili kila jioni nizifupishe. Kila alipoona "je pense" ("nadhani") alikata kwa kalamu nyekundu: "Mwanangu, huyu je pense ni nani hapa? Nani kamuuliza?" Mpaka leo nikiandika barua namsikia.

Sasa, wanafunzi mnaoniuliza kama C1 inalipa. Kama unataka kuanza shahada ya kwanza Ufaransa, vyuo vingi huridhika na B2. Fanya hiyo, pesa inayobaki weka ya viza. C1 ifikirie ukilenga uzamili, ukalimani au tafsiri. Mwenye nayo vyuo vya huko havimpimi tena lugha. Na zote mbili, DELF na DALF, hutolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa na hazina mwisho wa kutumika. TCF, mtihani mwingine wa kupima Kifaransa, ni kitu kingine: matokeo yake yanadumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiifanye kabla mipango yako haijaiva.

Na msidhani soko ni Ulaya peke yake. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtu mwenye Kiswahili fasaha na Kifaransa cha kuandika ana cha kuuza hapa hapa. Cheti chenyewe hakikunipa kazi, nisiwadanganye. Kilinivusha chujio la kwanza, pale barua za wengine ziliposema tu "naongea Kifaransa vizuri".

Mara ya pili nilipita, kuandika nikapata 14. Mama aligusa mchele siku cheti kilipofika mkononi, si kabla.