Katibu wa kampuni uanzie wapi? Maneno kwa wadogo zangu wa Arusha na Moshi

Kila mwaka vyuo vikifunga napigiwa simu na vijana wawili watatu. Wengine wamemaliza sheria, wengine uhasibu pale Njiro, wengine wametoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Swali ni lile lile: "Dada, nataka kuwa katibu wa kampuni, nianzie wapi?"

Kabla sijajibu huwa nauliza kama nyumbani wamemwelewa. Mimi nilipomwambia mama kazi niliyopata, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote ile chuoni, unakwenda kupiga chapa?" Kwake katibu ni katibu muhtasi. Nilimweleza Krismasi mbili mfululizo kwamba katibu wa kampuni ndiye anayeitisha vikao vya bodi, anatunza daftari la wanahisa, anapeleka taarifa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, na ndiye anayemnong'oneza mwenyekiti kwamba akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, haijatimia, kikao kisianze. Hadi leo akinitambulisha kanisani anasema, "Huyu yuko ofisini Arusha." Basi.

Jibu langu ni hili: usichague kibao cha ofisi, chagua mtu atakayesoma muhtasari wako wa kikao na kuukatakata.

Nilianzia kwenye ofisi moja ya Arusha ambayo sitaitaja. Niliingia kwa furaha kwa sababu ilikuwa na lifti na kahawa ya bure. Ndani ya miezi michache jina langu lilikuwa kama katibu kwenye kampuni nyingi ambazo sikuwahi kuona hata mlango wake. Azimio linaletwa limeshachapwa, natia sahihi, linakwenda. Siku moja ofisa wa benki akanipigia kuuliza kikao kilichopitisha mkopo fulani kilifanyika wapi na nani alikuwepo. Sikuwa na la kusema. Hapakuwa na kikao. Nilikaa na ile simu mkononi nikielewa kwamba sahihi yangu imekuwa ikizunguka mjini bila mimi. Nikaondoka kabla ya mwaka kuisha.

Ofisi iliyofuata ilikuwa Moshi, ghorofani, ngazi za kupanda kwa miguu, feni moja. Bosi wangu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kalamu nyekundu. Muhtasari wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa nne. Nilikuwa nimeandika mkurugenzi gani alikasirika, nani alitoka nje kupokea simu, nani alimjibu nani. Aliurudisha ukiwa na ukurasa mmoja na nusu uliosalia, na pembeni kaandika: "Kimeamuliwa nini? Nani atafanya? Lini?" Nilirudia mara tatu. Kila nilichojua baadaye kimejengwa juu ya ile kalamu.

Sasa tuseme milango iliyopo kwetu huku.

Ofisi za mawakili na za washauri wa kodi ndizo nyingi, hasa Arusha, kwa sababu ya utalii. Kampuni za utalii zinazaliwa na kufa kila msimu: mzungu anaingia ubia, anatoka, hisa zinahama, mkurugenzi anajiuzulu akiwa nje ya nchi. Hapo utajifunza kwa wingi. Mabadiliko ya mkurugenzi au katibu, msajili aarifiwe ndani ya siku 14. Mali ya kampuni ikiwekwa dhamana ya mkopo, dhamana isajiliwe ndani ya siku 42. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya kila mwaka kuhusu hali ya kampuni, siku 28 tangu tarehe yake. Hizi namba utaziota usiku. Utajifunza pia jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyenifundisha: nusu ya kazi ya usajili kwenye mfumo wa BRELA ni kumbembeleza mzee fulani aende akarekebishe jina, kwa sababu NIDA anaitwa hivi na kwenye TIN anaitwa vile. Ubaya wa ofisi hizi ni kwamba unaweza kukaa miaka mitatu ukijaza fomu na usikanyage chumba cha bodi hata mara moja. Na kuna zile za kukodisha jina, kama ile yangu ya kwanza. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka kila kampuni iwe na katibu, kwa hiyo soko la majina lipo. Wewe usiwe bidhaa.

Mashirika ya umma, mfano AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha), TANAPA na mamlaka za maji za Arusha na Moshi, yana bodi za kweli zenye kamati na ratiba. Nafasi zake zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na mara nyingi katibu wa bodi ndiye mkuu wa sheria, yaani wakili. Kama hujapitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, kile kiti kitakuwa mbali. Ila kuwa msaidizi pale, ukipanga makabrasha na kukaa nyuma ya katibu kikaoni, ni shule tosha. Utajua kabrasha la bodi linavyotakiwa kuwafikia wajumbe mapema, si asubuhi ya kikao pamoja na sambusa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika? Kitambulisho kizuri, mshahara mtamu, nenda ukipata. Lakini pale hakuna wanahisa, na kazi hii kitovu chake ni mwenye hisa.

Mlango ambao vijana wanaudharau ni ushirika. Moshi ndiko KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliposajiliwa mwaka 1933, na mpaka leo vyama vya msingi na SACCOS vimejaa mkoa mzima. Sheria yake ni nyingine, ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na bosi wake ni Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, si BRELA. Lakini nenda kaone mkutano mkuu wa chama. Watu mia mbili ukumbini, wazee wanaokumbuka bei ya kahawa ya enzi za Mwalimu, na mmoja lazima asimame kusema hoja ambayo haiko kwenye ajenda. Ukiweza kuandika azimio safi kutoka kwenye kelele zile, bodi ya watu saba na maji ya chupa itakuwa mapumziko. Wazee wa zamani bado wanamwita bosi wa chama "katibu meneja"; usibishane nao, itikia shikamoo zao uendelee. Samahani, wewe ndiye wa kuamkia.

Halafu kuna kampuni za familia, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, maana ndizo zilizonikomaza. Baba na mama ndio wakurugenzi, watoto wana hisa kwenye karatasi, na mkutano mkuu wa mwaka unafanyika Desemba kwa sababu ndipo wote wanapopanda nyumbani. Nimewahi kuandika mahudhurio Marangu, chini ya migomba, mbege ikipita, mjomba ambaye si mwanahisa akitoa maoni kuliko wote. Katibu unafanyaje? Unamwandika mjomba kama mwalikwa, kura yake huihesabu, na unamwambia mwenyekiti taratibu, kwa heshima zote. Taarifa ya mkutano ule iliwafikia siku 21 kabla, hata kama kila mtu alijua anakuja kula nyama.

Ugumu unakuja mzee anapofariki. Familia moja niliyoihudumia ilikaa kikao cha ukoo, ikagawana kampuni kama inavyogawana kihamba, shamba la ukoo, wakaniletea muhtasari niupeleke BRELA. Nilikuwa bado mgeni, karibu niupeleke. Yule mama wa kalamu nyekundu akanisimamisha mlangoni. Kikao cha ukoo kinampendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ndiyo inayomteua. Na ni msimamizi huyo aliyeteuliwa ndiye anayeweza kuja kushughulikia hisa za marehemu. Kisha tukafungua daftari la wanahisa, tukakuta hisa fulani zilizodhaniwa ni za baba ziliandikwa kwa jina la shangazi tangu mwanzo. Ungeniuliza chuoni ningekwambia daftari la wanahisa ni kitabu cha kumbukumbu tu. Siku ile nilimwona kaka mkubwa akilisoma mara mbili, akaomba maji.

Kuhusu Dar es Salaam, makao makuu ya mabenki yako kule na bodi kubwa ziko kule. Nenda, ila nenda ukiwa na kitu mkononi. Anayeanzia kule kwenye kampuni kubwa mno huwa anapewa kona moja, labda kufuatilia sahihi za wajumbe, na anakaa hapo. Na mitihani: wengi wa Arusha wanavuka Namanga au kusoma kwa mbali mitihani ya ukatibu ya KASNEB, bodi ya mitihani ya taaluma ya Kenya, ambako taaluma hii ina sheria yake. Inasaidia, hasa kwa asiye mwanasheria. Fanya ukiwa kazini.

Siku ya usaili, ukiulizwa kama una swali, usiulize likizo. Uliza nani huandaa rasimu ya muhtasari na nani huisahihisha. Uliza katibu mmoja hapa anahudumia kampuni ngapi. Wakikujibu kwa kucheka, shika mkoba wako. Uliza kama wageni wa kazi wanaruhusiwa kukaa kikaoni. Ukipata ujasiri, omba kuona kitabu cha mihtasari, hata kwa nje tu. Kitabu chenye vumbi kinajieleza.

Angalia pia majira. Kampuni nyingi zinafunga hesabu Desemba, kwa hiyo mikutano mikuu inarundikana kati ya Aprili na Juni. Ukiingia kazini Februari utaikuta yote tangu uandishi wa taarifa. Ukiingia Julai utasubiri karibu mwaka mzima.

Na kama bado huna kazi, nunua hisa chache za CRDB. Mkutano wao mkuu wamekuwa wakiufanyia pale AICC mara nyingi, na mwanahisa mdogo anaingia mlango mmoja na mkubwa. Vaa vizuri, wahi kiti cha mbele, acha wenzako wasubiri habari ya gawio. Wewe mtazame katibu: anavyosoma taarifa ya kuitisha mkutano, anapotangaza akidi, anavyomwinamia mwenyekiti pale mzee mmoja anaposhika kipaza sauti na kugoma kukiachia.