Bafu la marumaru Kigamboni: kabla ya staili, niambie unaoga maji gani

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Bafu la chumba chenu kikubwa, mita 2 kwa 3, nyumba iko Kigamboni, na shemeji ameleta picha nne kwenye simu: moja nyeupe yenye mishipa ya kijivu, moja nyeusi yenye mabomba ya rangi ya dhahabu, moja ya Kimoroko, na moja ya kipwani kama nyumba za Mji Mkongwe. Unauliza mchukue ipi, na kama ni kweli marumaru inaharibika bafuni. Mimi ni fundi wa mawe, huu mwaka wa 19. Sita kati ya hiyo nilifanya Muscat, iliyobaki Dar na Unguja.

Tuelewane neno kwanza. Huku kwetu kila kigae kinaitwa marumaru, wengine malumalu. Ukienda dukani ukasema unataka marumaru utaletewa boksi la vigae vya kiwandani, na hujadanganywa, ndivyo watu wanavyosema. Lakini picha za shemeji ni za jiwe lenyewe, lile Waarabu wanaloliita marmar: mawe ya chokaa yaliyobanwa na kupikwa na joto chini ya ardhi mpaka yakageuka. Hata Bahari ya Marmara kule Uturuki imechukua jina kutoka kisiwa chenye machimbo ya jiwe hili, na mabafu ya umma ya Istanbul yamejengwa nalo. Kulitambua si kazi. Geuza kipande, kwangua mgongoni kwa ncha ya kisu: marumaru inatoa unga, kigae cha kiwandani hakikwanguki. Tazama na ubavuni. Kwenye jiwe mshipa unapita mpaka upande wa pili, kwenye kigae mchoro uko juu tu, na ukipanga vipande kumi utaona mshipa uleule umejirudia.

Shika hilo neno chokaa, kwa sababu chokaa na asidi haviivi chungu kimoja, na matatizo mengi ya bafu la marumaru yanaanzia hapo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako si la rangi. Unaoga maji gani? Kigamboni nimefanya nyumba tano, nne zilikuwa na kisima cha kuchimba, maji magumu yenye chumvi, sabuni haitoi povu upesi. Maji ya namna hiyo yakikauka ukutani yanaacha ukoko mweupe. Kwenye kigae cha kiwandani unautoa kwa siki. Kwenye marumaru huwezi, kwa sababu ukoko wenyewe sehemu kubwa ni chokaa na jiwe nalo ni chokaa. Dawa inayoyeyusha ukoko haijui pa kuishia, itakula na jiwe.

Basi ile picha nyeusi, kama ni maji ya kisima, mimi ningeiweka kando leo. Nilifanya moja Mbezi mwaka 2019. Mwenye nyumba alitaka Nero Marquina, jiwe jeusi la Uhispania lenye mishipa myeupe kama radi, ukuta wote wa shawa. Siku ya kukabidhi nilijivunia kweli, lilikuwa linang'aa kama maji ya mtungini. Miezi sita baadaye aliniita. Ukuta ulikuwa kama umepulizwa unga wa ngano, na mahali dada wa kazi aliposugua kwa steelwire palikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka. Nilipiga pedi za almasi siku tatu, kutoka za kukwaruza mpaka laini namba 3000, likarudi. Baada ya mwezi unga ukarudi nao. Mwisho tulikata shauri kung'oa, na vile vipande vilivyotoka vizima tukavipeleka kwenye meza ya sinki na kuzunguka kioo, mahali yasipofika maji ya kuoga. Viko hapo hadi leo na ni vizuri mno. Kosa lile nalihesabu langu, maana sikumuuliza maji yake. Kama shemeji moyo umeangukia nyeusi, mpe nyeusi kwenye sinki.

Sasa ile nyeupe. Jiwe linaloigwa pale ni la Carrara, milima ya Toscana nchini Italia, wanachimba tangu enzi za Warumi, na ndiko lilikotoka jiwe la sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Carrara ya kawaida ina weupe wa kijivu na mishipa myembamba kama moshi. Calacatta inatoka milima hiyohiyo, nyeupe zaidi, mishipa minene yenye wekundu au udhahabu kidogo, na bei yake inapanda sana. Watu wengi hudhani uzuri wa staili hii uko kwenye bei ya jiwe. Mimi nimeona Calacatta ya fedha nyingi ikapangwa ovyo, mishipa inakwenda huku na huku, ukuta ukawa kama nguo iliyoshonwa na vitambaa vya mabaki. Nimeona pia Carrara ya daraja la chini ikapangwa na mtu anayejua, unaingia bafuni unanyamaza.

Aliyenifundisha hilo ni mzee mmoja wa Rajasthan, msimamizi wetu Muscat. Kwao ndiko yaliko machimbo ya Makrana yaliyotoa jiwe la Taj Mahal, na yeye alizaliwa kwenye familia ya wachonga mawe. Hakuna kipande kilichopakwa gundi kabla hakijalazwa sakafuni, kikavu, kwenye chumba kilichofagiliwa. Ukuta mzima unapangwa chini kwanza. Yeye anapanda ngazi anatazama, anashuka, anageuza vipande viwili, anapanda tena. Akiridhika anaandika namba kwa chaki mgongoni mwa kila kimoja. Slabu mbili, yaani mabamba makubwa ya jiwe, zilizokatwa zikifuatana kutoka bonge moja alikuwa anazifungua kama kitabu, mishipa ya kushoto ikutane na ya kulia katikati, juu ya sinki. Siku nzima inaweza kwenda kwenye kupanga tu na mwenye nyumba akadhani mnachezea muda wake. Mkuu, fundi wako akikuomba siku hiyo, mpe. Na ununue jiwe la ziada, asilimia 10 ikiwa vipande vinapangwa hivihivi, 20 mpaka 30 ikiwa mnataka mishipa ikutane.

Gundi ya jiwe jeupe iwe nyeupe. Narudia kwa sababu nimeitwa kutazama mabafu mengi yaliyokufa kwa hili. Marumaru nyeupe inapitisha mwanga kidogo na inanyonya maji, ukiiweka juu ya gundi ya kijivu unaona vivuli vya mwiko vinajitokeza kama madoa ya jasho. Jiwe jingine la Carrara lina chembe za chuma ndani yake. Unyevu ukikaa nyuma yake, kile chuma kinashika kutu na jiwe linaota umanjano kutoka ndani, na hakuna sabuni itakayoufikia. Kwa hiyo kabla ya kigae cha kwanza ukuta wa shawa upakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, na pembe zote zitiwe kitambaa chake.

Kimoroko nitapita upesi, kwa sababu staili ile kwa kweli si ya marumaru. Wenyewe wanatumia vigae vidogo vya udongo vya rangi, zelije, na plasta ya chokaa wanayoiita tadelakti, inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni ya mafuta ya zeituni mpaka ikatae maji. Marumaru inaingia kama beseni moja au kizingiti. Kama hamna fundi anayeijua ile plasta, msijaribu kwenye shawa.

Ya kipwani ndiyo inayonigusa, na nadhani ndiyo inayoifaa nyumba yenu. Ukienda Unguja, tembelea Hamamni, bafu la umma la wakati wa Sayyid Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888, halafu panda Kidichi uone bafu ambalo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, mfalme wa Uajemi, mwaka 1850. Tazama kuta za Kidichi: maua na ndege, vyote vya chokaa. Raha ya bafu pwani yetu ilikaa kwenye chokaa, kivuli na sauti ya maji. Kule Lamu nyumba za zamani zina birika bafuni, yaani tangi la maji la kujengwa, kwenye kitako chake limezikwa bakuli la kauri, na ndani wanafugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Zidaka ukutani za kuweka mafuta na udi. Sakafu iliyochoka kwa nyayo.

Chokaa na marumaru ni ndugu. Plasta ya chokaa ikikauka inarudi taratibu kuwa jiwe la aina ileile, kwa hiyo weupe wao unaelewana, haushindani kama weupe wa rangi ya dukani unavyoshindana na jiwe. Nilifanya bafu moja Shangani, Mji Mkongwe, namna hii: kuta za chokaa upande mkavu, zidaka tatu, meza ya sinki ya marumaru nene ya sentimita 3, kizingiti cha marumaru, mlango wa mninga. Jiwe lote halikuzidi mita nne za mraba. Pale pia kulikuwa na sababu ya uzito, maana slabu ya sentimita 2 ina kama kilo 54 kila mita moja ya mraba, na ghorofa zile zimebebwa na boriti za mikoko. Ukivika chumba kizima unaitwisha nyumba mzigo isiyoujua. Nyumba yako mpya ya zege haina shida hiyo, ila mwambie fundi apige ukuta kwanza asikie kama lipu imeshika.

Sakafu sasa. Usiweke marumaru iliyong'arishwa sakafuni, hata shemeji akiipenda vipi. Ikiloa na povu la sabuni inateleza vibaya sana. Omba iliyosuguliwa ikaachwa bila kioo, laini kama ganda la yai. Na ndani ya shawa tumia vipande vidogo, sentimita 5 kwa 5. Kwanza mistari mingi ya grauti, ile saruji ya kuziba mianya kati ya vipande, inaushika mguu. Pili kuna mteremko: maji yanataka sentimita moja na nusu mpaka mbili kila mita, na kama tundu liko katikati sakafu inateremka kutoka pande nne. Kipande kikubwa hakikunjiki, lazima fundi akikate mshazari na ile pembe itaonekana siku zote. Kama mnataka slabu kubwa sakafuni, hamisheni njia ya maji iwe mfereji mwembamba kando ya ukuta, mteremko uwe upande mmoja tu. Hilo liamuliwe kabla ya zege.

Kuhusu kuharibika: ndiyo, linaharibika, na karibu kila mara ni kwa kutoambiana. Mama mmoja wa Mbweni alinipigia simu analia. Binti mpya wa kazi alikuta choo kina alama, akamimina asidi ile inayouzwa kwenye chupa za maji, ikamwagika pembeni. Jiwe lilichemka povu, likabaki na kovu jeupe la kukwaruza kuzunguka choo chote. Binti wa watu hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo sikabidhi bafu kabla sijakaa na atakayelifanyia usafi, nikamwonyesha kwa kipande cha mabaki na ndimu, aone mwenyewe ndimu inavyoacha alama. Halafu nabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Hakuna siki, hakuna ndimu, hakuna asidi, hakuna steelwire. Dawa ya kuziba vinyweleo mtaipaka pia, inasaidia madoa ya mafuta na hina yasizame, lakini haizuii asidi, muuzaji akikwambia inazuia usimkubalie. Dondosha maji juu ya jiwe kila baada ya miezi michache. Yakizama na jiwe likakolea rangi badala ya kusimama kama tone, muda wa kupaka tena umefika.

Kwenu mimi ningefanya hivi. Ukuta wa sinki, Carrara iliyopangwa vizuri, huo ndio shemeji atakaoupiga picha. Shawa, jiwe la rangi ya maziwa mazito kama Crema Marfil au la Oman, lisilotangaza ukoko, na kipangusio cha mpira kining'inizwe hapohapo, kila mtu akimaliza kuoga anavuta maji chini. Kuta zilizobaki chokaa na zidaka mbili. Ukitaka kupunguza gharama, uliza na jiwe la jirani kabla ya la Ulaya: marumaru inachimbwa Kajiado huko Kenya, Moroto Uganda, na Montepuez Msumbiji.

Kabla hujalipa, omba vipande viwili vya sampuli, cheupe na cha rangi ya maziwa, na kama shemeji hajaridhika ongeza cheusi. Viweke pale unapoogea sasa, kila ukioga vimwagie maji ya kisima chako, usivifute, wiki mbili. Kisha vipige picha mchana ulete hapa, na uandike dirisha liko upande gani na tundu la maji machafu liko wapi. Nitakuchorea mpangilio wa sakafu.