Kabla ya Kulaumu Upepo

Ukifuga kuku hapa Kisumu, utazoea kuutazama mwezi kabla ya kwenda sokoni. Mwezi ukiwa mpevu, omena, vile visamaki vya Ziwa Victoria, hupungua soko la Kibuye, na gorogoro, kopo la kupimia, hupanda bei. Giza likirudi, bei hushuka. Mimi huchanganya omena kwenye chakula cha kuku, kwa hivyo hununua za kutosha wakati wa giza na kuziweka mahali pakavu.

Mwezi na bei vinahusiana kwelikweli, na njia yenyewe inaonekana. Wavuvi wa omena hutoka usiku na kuwasha taa juu ya maji. Visamaki hufuata mwanga, hujikusanya, ndipo wavu unapotiwa. Mwezi uking'aa ziwa zima, taa haina tena mvuto, wavu hurudi mwepesi na wachuuzi wanagombania kidogo kilichopo. Lakini kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa upande wa Kenya, na bei hupaa hata usiku wa giza totoro. Asiyejua hilo atasema mwezi umemdanganya.

Sasa, ushauri wangu kwa mfugaji mgeni ni huu: ukiona vitu viwili vikipanda na kushuka pamoja, usitoe pesa yako mpaka uweze kusimulia, hatua kwa hatua, jinsi kimoja kinavyokifikia kingine. Ukikwama katikati ya masimulizi, tafuta kitu cha tatu.

Mara nyingi kitu cha tatu huwa ni mvua. Wapo huku kwetu wanaosema mahindi mabichi huleta malaria, na ukweli ni kwamba mahindi na homa hufuatana. Mvua ile ile ya masika iliyokuza mahindi ndiyo iliyoacha madimbwi ya mbu kuzaliana. Daktari Ronald Ross alikwisha kuonyesha mwaka 1897, akiwa India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Choma hindi lako ule, bora ulale ndani ya neti.

Waliosoma takwimu wana namba ya kupima mambo yanavyofuatana. Mwanahisabati Karl Pearson ndiye aliyeiwekea hesabu yake mwishoni mwa karne ya 19. Huanzia -1, vikienda kinyume kabisa, hadi 1, vikienda sambamba. Ni namba nzuri, ila haikwambii nani anamvuta mwenzake.

Kwa mfugaji, hasara kubwa iko kwenye kideri, ugonjwa wa kirusi unaoua kuku. Kila Desemba utasikia kwamba upepo umekuja nao. Jirani yangu, mzee wa watu, alikuwa akiziba banda lake kwa magunia.

"Mwanangu, huu upepo utatumalizia kuku."

"Mzee, na huyu jogoo mwekundu katoka wapi?"

"Shemeji kaniletea juzi, wa Krismasi."

Jogoo alikuwa amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kimemganda mkiani. Desemba ndio mwezi wa kuku kusafiri: wanabebwa kwenye matatu, wanapitia sokoni, wanapewa wageni na wakwe. Kirusi cha kideri hukaa kwenye kinyesi na mate ya kuku mgonjwa, na huhama naye, au kwa viatu na matenga. Anayelaumu upepo atanunua magunia na bado atazika kuku.

Kwa hivyo kuku mgeni, hata akitoka kwa mama mkwe, atengwe wiki mbili kwanza, na chombo chake cha maji kiwe chake. Chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na ile ya mwisho wa mwaka itangulie pilikapilika za Krismasi, kwa sababu kinga haiji siku hiyo hiyo.

Siku hizi mzee huchanja. Magunia hajayatoa, nami sikubishana naye. Nilimwomba tu aache nafasi ya hewa kule juu.