Kabla ya Kununua Hisa, Uliza Nani Anaweza Kumfuta Bosi

Wenzangu wa barazani hapa Mji wa Kale wakitaka kununua hisa huniuliza habari za gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Mimi huwauliza: huyo mkurugenzi mkuu akiharibu, nani ana ubavu wa kumfuta kazi? Ripoti ya mwaka ikinifikia, naanza na ukurasa wa bodi. Faida naisoma baadaye.

Wajerumani wana bodi mbili: moja inaendesha kampuni, nyingine inawasimamia waendeshaji na ndiyo huwateua na kuwafuta, na mtu hawezi kukaa zote mbili. Tena, kwa sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Hebu fikiria makuli wa bandari ya Kilindini wakipiga kura nani awe bosi! Lakini usishangilie mapema: kura zikilingana, mwenyekiti ana kura ya pili, na kwa kawaida yeye hutoka upande wa wanahisa.

Waingereza, tangu ripoti ya Cadbury ya 1992 kuhusu uongozi wa kampuni, husema fuata mwongozo wa uongozi bora au eleza kwa nini hukufuata. Marekani si ajabu kumkuta mtu mmoja akiwa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu pia.

Majina makubwa yasikubabaishe. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilipoanguka 2001 kwa udanganyifu wa hesabu, kamati ya bodi yake ya kukagua hesabu ilikuwa ikiongozwa na profesa wa uhasibu.

Kwetu Kenya, mwongozo wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wa 2015 unataka mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wawe watu wawili, na angalau thuluthi moja ya bodi wawe wakurugenzi huru, yaani wasiofungamana na kampuni wala wakubwa wake. Mtu akipita miaka tisa kwenye bodi, hahesabiwi huru tena. Basi shika kalamu, angalia kila mmoja aliingia mwaka gani. Kampuni moja niliyokuwa na hisa zake ilikuwa na "huru" waliozeekea pale pale, niliuza.

Mwongozo huo ni wa kampuni zinazouza hisa kwa umma. Zetu za kifamilia, baba mwenyekiti, mwana meneja, nani atamwambia baba hapana? Jamaa zangu wa biashara ya mizigo niliwashauri waingize mtu wa nje kwenye bodi, mwenye kura kamili, na mkataba wake uandikwe kabla ugomvi haujazuka. Wakakubali vizuri sana. Wakamleta mkwe.