Kabla Hujahamia Mtaa, Uendee Usiku

Nimeondolewa na mji mara mbili. Mara ya kwanza mtaa ulikufa nikiwa ndani yake, mara ya pili ulifufuka nikiwa ndani yake, na ukiniuliza ipi iliniuma zaidi nitakwambia ni ile ya kufufuka. Mtaa ukifa, kila mtu anakupa pole. Ukifufuka, wanakupa hongera kwa bahati ya kukaa pale, huku wewe unafunga mizigo.

Kwa hiyo haya ni maneno ya mpangaji, si ya mtaalamu wa mipango miji. Namwandikia yule anayetafuta pa kukaa, au mwenye akiba kidogo anayetaka kuitia kwenye nyumba, na dalali ameshamwambia kuwa huku ndiko mji unakokuja. Dalali huyo pengine hasemi uongo. Mji unakuja kweli. La kujiuliza ni unaletwa na nini, na siku ukifika utakukuta na karatasi gani mkononi.

Anza na kazi. Mwaka 1801 Manchester, huko Uingereza, ilikuwa na watu kama 75,000. Nusu karne baadaye walishapita 300,000. Hawakufuata hali ya hewa, maana moshi wa viwanda vya pamba ulikuwa unawaua. Walifuata ujira, na kuanzia 1830 reli ya kwenda Liverpool ikawa inaingiza pamba na kutoa nguo kwa kasi ambayo mifereji ya mashua haikuiweza. Shenzhen ya China nayo ilitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, na sensa ya 2020 ikakuta humo watu zaidi ya milioni 17. Huko watokako nako kuna kinachowasukuma: shamba limegawanywa kwa warithi mpaka limebaki upana wa uzi, mvua haitabiriki, shule iko mbali. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Wanaohamia mjini ni vijana, na vijana huzaa, kwa hiyo baada ya wimbi la kwanza mji hukua kwa watoto wake wenyewe hata wahamiaji wakipungua. Tangu 2007 hivi, zaidi ya nusu ya watu wote duniani wanaishi mijini.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilihamia mtaa uliojaa pomoni. Kila chumba kina mtu, asubuhi njia haipitiki. Nikachukulia kuwa mtaa uliojaa ni mtaa wenye afya. Sikuuliza umati wote ule unakula kwa mkono wa nani, na kumbe ulikula kwa mkono wa kiwanda kimoja.

Kilipofungwa, kwa miezi kadhaa hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo watu hudanganyika. Watu waliishi kwa kiinua mgongo na matumaini. Kisha wakaondoka mafundi, maana fundi hupata kazi popote. Wakafuata wenye watoto wadogo. Tukabaki wazee, wenye madeni na sisi wabishi. Basi lililokuwa likipita kila robo saa likawa la kila saa, halafu la asubuhi na jioni tu. Nyumba iliyotazamana na dirisha langu ilitiwa kufuli. Kufuli likashika kutu. Kisha mche wa mti ukaota kwenye mfereji wa paa. Niliutazama mche ule ukikua mpaka ukawa mnene kama kidole gumba, na siku nilipoona ndege amejenga kiota ndani yake nikajua sina sababu ya kuendelea kusubiri.

Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, ni kisa hichohicho, ila kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1950 ilikuwa na watu takriban milioni 1.85, na 2010 walibaki kama 714,000. Watu hupenda kusema magari yaliondoka, basi. Ukweli una matawi zaidi. Viwanda vilihama mapema kwenda nje ya mji, kwa sababu utengenezaji wa kisasa ulitaka jengo pana la ghorofa moja na ardhi ya kutosha. Barabara kuu zilipasua mitaa ya ndani na kuwarahisishia wenye uwezo, wengi wao Wazungu, kwenda kukaa vitongoji vya pembeni, wakati familia za Weusi zilinyimwa mikopo ya nyumba na kufungiwa milango huko. Walioondoka waliondoka na kodi zao. Lakini mji ukipungukiwa na watu, mabomba hayapungui. Urefu wa barabara ni uleule, taa ni zilezile, pensheni za wastaafu ni zilezile, na wachangiaji wamebaki kiduchu. Mwaka 2013 mji huo uliomba mahakamani kutambuliwa kuwa umefilisika.

Wakati mwingine adui ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyekitazama. Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, zote bandari za Marekani, ikiwa na makontena 58. Masanduku ya chuma tu. Lakini sanduku hushushwa kwa winchi, halihitaji mamia ya wapagazi, na meli zilizokuja kulibeba zikawa kubwa kiasi cha kutaka kina kirefu cha maji na uwanja mpana. Gati za kale za London, zilizokuwa katikati ya mji kando ya mto Thames, hazikuwa na kina wala uwanja. Zilianza kufungwa miaka ya 1960, na kufikia 1981 za mwisho zilikuwa zimekwisha, pamoja na mitaa iliyozaliwa kwa ajili ya kupakua mizigo.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijasaini popote, nauendea mtaa saa mbili usiku, siku ya kazi, nahesabu taa madirishani. Mchana nyumba tupu na nyumba yenye watu hufanana. Naangalia mifereji ya paa. Naenda shule ya msingi iliyo karibu nauliza wameandikisha watoto wangapi darasa la kwanza mwaka huu, na miaka mitano nyuma walikuwa wangapi. Mwalimu mkuu atakupa jibu ambalo dalali hawezi kukupa. Halafu nauliza swali moja la kijinga: kile kinachoulisha mtaa huu kikiondoka kesho, kuna kingine?

Kufufuka, sasa. Ukitaja jambo hili mbele ya viongozi wa miji watakutajia Bilbao ya Hispania, mji wa chuma na meli uliodorora miaka ya 1980, na jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa 1997. Picha zake ni nzuri, sikatai. Ila metro ya mji huo ilifunguliwa 1995, kabla ya jumba, na kazi ya kuusafisha mto na kuisogeza bandari kuelekea baharini ilichukua miaka mingi na fedha nyingi zisizopigwa picha. Miji mingine iliiga paa ikaliacha bomba. Mimi nikisikia mji unajenga jumba la ajabu ili uhuike, huuliza maji taka yanaelekea wapi.

London nayo ilijenga juu ya gati zake zilizokufa. Shirika la kuendeleza eneo hilo lilifanya kazi kuanzia 1981 hadi 1998, minara ya ofisi ya Canary Wharf ikapanda, kampuni iliyoijenga ikaanguka 1992, na eneo lilichangamka sawasawa baada ya reli ya chini ya ardhi ya Jubilee kufika 1999. Ajira zilikuja kwa maelfu, ila zilikuwa za benki. Mpagazi wa gatini na watoto wake hawakuwa na tai wala vyeti vilivyotakiwa.

Hali hii ya wenye kipato kuingia mtaa wa wafanyakazi mpaka wenyeji wakashindwa kukaa ilipewa jina la Kiingereza, gentrification, mwaka 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass, akiitazama London. Mimi sikuijua kwa jina. Niliijua kwa mwenye nyumba wangu, ambaye zamani alinitumia ujumbe kuhusu kodi na sasa alikuja mwenyewe, viatu vimeng'arishwa, akasimama mlangoni akisifia jinsi mtaa ulivyopendeza. Nikajua. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na ulikuwa umebaki miezi miwili.

Kwa hiyo mpangaji anayeona miti inapandwa na barabara inachimbwa, afurahi, lakini siku hiyohiyo aombe mkataba mrefu wenye kiwango cha kupanda kwa kodi kilichoandikwa. Akiomba baada ya lami kukauka amechelewa. Ukiweza kuingia ushirika wa nyumba, ingia. Wien, mji mkuu wa Austria, serikali ya mji inamiliki nyumba takriban 220,000, na mpangaji wake haogopi bustani mpya kama nilivyoiogopa mimi. Na wewe uliye na akiba ya kununua, nunua palipo na usafiri unaojengwa tayari. Usinunue palipochorwa kwenye ramani ya ukutani.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba barua ya kuomba taa za barabarani katika mtaa ule wa pili niliandika mimi. Nilizunguka nayo nyumba hadi nyumba nikikusanya saini. Taa zikaja, nyeupe, nzuri. Mwaka jana nilipita pale usiku na mazoea yangu ya kuhesabu. Nyumba yetu imebomolewa, pana ghorofa jipya lenye madirisha 24 upande wa barabara, na kila nyumba mle imeshanunuliwa. Saa mbili na nusu, siku ya kazi. Niliona taa saba.