Madison au Minnesota: barua kwa mwanangu

Brooklyn Park, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa kwenye maegesho kabla sijaingia kazini, ya pili nikitoa taka ghorofa ya nne, ya tatu nimekaa jikoni na viatu bado viko miguuni. Umesema: "Mama, vyuo vyote viwili, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison na Chuo Kikuu cha Minnesota hapa Minneapolis, vimenikubali. Kila mtu ananiambia Madison ina jina kubwa kuliko Minnesota. Hilo jina litanisaidia kweli, au nitakuwa nanunua kofia yenye nembo tu?" Nakuandikia badala ya kukupigia, maana tukianza habari za chuo kwenye simu wewe unapaza sauti, mimi napaza sauti, na baba yako naye anaongeza sauti ya televisheni.

Kwanza nitubu. Juzi baada ya ibada ya Kiswahili mama mmoja aliniuliza mtoto anaendeleaje na masomo. Nikajibu haraka haraka, "Kapata Madison." Minnesota sikuitaja kabisa, wakati ndiyo iliyotangulia kukuandikia. Nilitaka lile jina litue mezani, kama mtu anavyoweka simu mpya pembeni ya sahani ili ionekane. Unajua yule mama aliniuliza nini? "Madison ndiyo wapi, Chicago?" Nikajicheka mwenyewe. Na kule Morogoro kwa shangazi zako ni hivyo hivyo: Minnesota wameijua kwa msiba wa George Floyd, na chuo cha Marekani wanachokijua ni Harvard, kingine chochote ni "chuo cha huko".

Kwa hiyo unaponiambia Madison ina jina, nami nakuuliza: kwa nani?

Tuanze na waajiri, maana hao nawafahamu kwa vumbi lao. Ghorofa ya nne ninayosafisha ni ya wahandisi wa vifaa vya moyo. Ofisi ziko nyingi, na karibu kila mmoja katundika cheti chake ukutani kwenye fremu. Fremu hukusanya vumbi juu, pale pasipoonekana, kwa hiyo kila usiku nazipitia na kitambaa, na nikifuta nasoma. Minnesota nyingi. Wisconsin tatu. Iowa State mbili. Moja ya Duluth, moja ya North Dakota State kule Fargo. Yule wa Fargo ndiye mwenye ofisi ya kona yenye madirisha mawili. Yupo na mmoja mwenye cheti cha chuo binafsi cha pwani ya mashariki, kile ambacho hata shangazi zako wangekitambua. Huyo anakaa karibu na mashine ya fotokopi na kila saa watu wanapita mlangoni kwake kuchukua karatasi. Vikombe vyao vya kahawa vina wanyama wa nembo za vyuo, panya wa Minnesota na nguchiro wa Wisconsin (usinisahihishe, najua si nguchiro, ila jina la Kiswahili la yule mnyama mwenye milia usoni sina). Vyote nakuta vimelala kwenye sinki moja.

Najua utasema hilo ni korido moja tu, tena ndani ya Minnesota. Kweli. Ukienda Milwaukee utakuta fremu za Madison zimejaa ukuta. Na hapo ndipo penye maana kwa vyuo vya majimbo: wahitimu wake wengi hubaki jirani, wanaajiriwa, wanakuwa wakubwa, wanaajiri wadogo zao. Jina linakuwa zito karibu na nyumbani na linapungua uzito kadiri unavyosogea mbali.

Hata hiyo kazi yangu ya usiku imetokana na chuo. Oktoba 31 mwaka 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na mashine za kusukuma mapigo ya moyo zilikuwa za kuchomeka ukutani. Daktari Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa akipasua mioyo ya watoto, akamwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, amtengenezee kitu cha betri. Bakken akakiunda gereji kwake ndani ya wiki chache. Kampuni nyingi za vifaa vya moyo zilizotuzunguka huku zimeota kwenye udongo ule. Wewe unasomea uhandisi wa kemikali, na kila kifaa kinachoingia mwilini kinahitaji mtu anayejua plastiki gani haitaozea ndani ya damu. Ukiwa chuoni hapa, unaweza kufanya mafunzo kazini Jumanne na kuingia darasani Jumatano kwa treni ya mjini.

Madison nao si watu wa mchezo, nisije nikawanyima haki yao. Profesa wao Harry Steenbock ndiye aliyegundua namna ya kuongeza vitamini D kwenye chakula kwa mwanga, na mwaka 1925 wakaanzisha taasisi ya kushika hataza, yaani haki za uvumbuzi, za wanasayansi wao, fedha zirudi kwenye utafiti. Mwaka 1998 mtu wao, James Thomson, ndiye aliyefaulu kwanza kuotesha seli shina za kiinitete cha binadamu maabara. Na mwaka 1964 walianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika, ya kwanza ya aina yake Marekani. Wanafundisha Kiswahili, mwanangu. Utakwenda kule wewe unayenijibu kwa Kiingereza, mtoto wa mfugaji wa Wisconsin akusahihishe ngeli.

Sasa zile orodha. Umenitumia picha ya orodha ya U.S. News, lile jarida linalopanga vyuo kwa ubora, Madison iko juu, Minnesota iko chini yake hatua kadhaa. Sibishi, miaka mingi imekuwa hivyo. Lakini orodha ile ilipoanza mwaka 1983 ilikuwa ni kuwauliza wakuu wa vyuo tu: unaonaje wenzako? Mpaka leo sehemu moja ya tano ya alama inatokana na swali hilohilo, mkuu wa chuo akipima vyuo ambavyo vingine hajawahi kukanyaga. Mwaka 2022 mwalimu mmoja wa hisabati wa Columbia alionyesha kwamba takwimu ambazo chuo chake kilipeleka haziendani na hali halisi. Columbia ikashuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Wanafunzi walioamka asubuhi ile walikwenda darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule.

Hilo nililiona kwa macho nikiwa mdogo. Babu yako alikuwa mtunza bustani pale chuo cha kilimo Morogoro, chini ya Uluguru. Wakati ule kilikuwa kitivo cha Mlimani, na babu akienda kilabuni alijitambulisha kwa kifua, "Mimi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam." Mwaka 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Sokoine kufariki, kitivo kikawa chuo kikuu chenye jina lake. Babu akarudi jioni ile amenuna. "Jana nimelala mtu wa Mlimani, leo nimeamka mtu wa Sokoine, na majani ninayofyeka ni yale yale." Mtaani wakaanza kusema eti SUA, hicho chuo cha Sokoine, ni ya waliokosa Mlimani. Walimu hawakuhama, maabara hazikuhama. Ilichukua miaka watu kuelewa kwamba ukitaka kujua udongo, mbegu au ng'ombe, huko huko ndiko kwenyewe, na aliyekwenda Mlimani kwa ajili ya jina ndiye aliyekosea njia.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie: fani, acha chuo kizima. Kwa jumla Madison inaongoza. Kwa uhandisi wa kemikali mambo hugeuka. Idara ya Minnesota ilijengwa na Neal Amundson, aliyeiongoza kwa robo karne kuanzia 1949. Mwanahisabati aliyeingiza hesabu nzito kwenye kazi ya matangi na mabomba mpaka wenzake wakamwita baba wa fani. Jengo lako la kila siku litakuwa na jina lake. Madison nao, miaka ya 1960, maprofesa wao watatu waliandika kitabu cha kiada ambacho mhandisi wa kemikali asiyekijua sidhani yupo. Kwa hiyo hapa unachagua kati ya jikoni mbili nzuri. Vyote viwili vina ithibati ya ABET, shirika linalokagua masomo ya uhandisi, kwa fani yako, na hilo ndilo mwajiri atakalouliza kabla ya kuuliza nafasi kwenye orodha.

Ila soma barua zako tena, kwa utulivu. Kukubaliwa na chuo ni jambo moja, kukubaliwa kwenye fani ni jingine. Binti wa jirani yetu alihamia chuo kimoja kikubwa kwa furaha, akakuta uhandisi una mlango wake wa ndani, alama zake hazikutosha, akamaliza na shahada ya kitu ambacho hakukitaka. Waandikie wote wawili, uulize kwa maneno mafupi: nikifika Septemba, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali au ni mwombaji? Jibu likija kwa barua pepe, liweke.

Fedha nazo. Mtu wa jimbo la mbali akienda Madison analipa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, ada tupu, hajalala wala hajala. Wewe hutatozwa hiyo, kwa sababu Minnesota na Wisconsin wana mapatano ya ada ya zaidi ya miaka 50: mtoto wa huku akivuka analipa kiasi cha karibu na cha nyumbani, na wa kwao akija huku vivyo hivyo. Lakini mapatano hayakufuati, unayaomba mwenyewe kwa fomu kwenye ofisi ya elimu ya juu ya jimbo. Ukisahau, utakuta bili ya mgeni.

Kwa hiyo kwenye karatasi vyuo vinalingana. Tofauti iko kwenye North Star Promise, ule mpango ulioanza vuli ya 2024. Familia yenye kipato chini ya dola 80,000, jimbo linamalizia ada inayobaki baada ya misaada mingine, kwenye vyuo vya umma vya Minnesota. Nawe mwaka huu unatimiza miaka 24, na kwenye FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, mtu wa umri wako anahesabiwa anajitegemea. Wanaangalia mshahara wako wa duka la dawa, hawaangalii wangu na wa baba yako. Maana yake huku unaweza kumaliza bila kulipa ada. Mpango huo hauvuki mto St. Croix, pale mpakani na Wisconsin. Wisconsin wana wa kwao, Bucky's Tuition Promise, nao ni wa watoto wa Wisconsin.

Na zile krediti zako za chuo cha jamii, ulizokuwa unazisomea kwenye basi. Ndani ya Minnesota kuna makubaliano ya masomo ya msingi, ukikamilisha krediti 40 zake vyuo vya umma vinayapokea kama kifungu kizima. Madison watayapitia somo moja moja. Wanaweza kuyapokea yote, wanaweza kukuambia urudie mawili. Muhula mmoja wa kurudia ni kodi ya nyumba ya miezi minne, hiyo unaijua bei yake kuliko mimi.

Mimi ningekwenda Minnesota. Nasema "ningekwenda", sikuamuru; una miaka yako. Kama Madison watakuandikia kwamba unaingia moja kwa moja kwenye fani, na krediti zote wamepokea, na moyo wako umependa yale maziwa mawili makubwa na mji ulio katikati yake, nenda, nami nitavaa fulana yao nyekundu hata kama baba yako hatanisemesha wiki ile ya shoka, timu za mpira za vyuo hivi viwili zinaposhindania kombe lenye umbo la shoka. (Bado anadhani wale vijana wanapigania shoka la kweli. Nimechoka kumweleza.)

Kuna jambo moja halimo kwenye orodha yoyote. Norman Borlaug alikuwa kijana wa shamba kutoka Iowa, akaja Minnesota, akaanguka mtihani wa kuingia. Wakamweka kwenye koleji ya chini ndani ya chuo hicho hicho, akapanda kutoka pale hadi shahada ya udaktari, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa ngano yake. Nilipolisoma jina lake kwenye jengo kule upande wa St. Paul, nilikukumbuka wewe na ile barua ya kwanza, ya kukataliwa, uliyoificha chini ya godoro ukiwa na miaka 18. Niliiona, mwanangu. Nilikuwa natandika.

Jumamosi sina zamu. Nitakupitia saa kumi na mbili asubuhi, tushike barabara ya 94, ni mwendo wa saa nne na ushee mpaka Madison. Usinipeleke kwenye ziara ya wageni yenye kijana anayetembea kinyumenyume; nataka tukae kwenye korido ya uhandisi tuwaulize wa mwaka wa nne wamepata kazi wapi. Jumatatu tufanye hivyo hivyo Minneapolis, halafu tuvuke daraja kwa miguu tukanywe chai kwa Wasomali wa Cedar-Riverside. Baba yako amesema Jumamosi atakuja, mradi tupite kununua jibini.

Mama yako