Futa, ufuta na kufuta: kichwa kimoja kwa ripoti zote za ofisi

Mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, nyumba tuliyokuwa tumepanga ofisi kule Vigaeni, Mtwara, ilipata namba, barabara ya mbele ikapata kibao, na mimi nikapata kazi. Mpaka siku hiyo karatasi zetu zilikuwa na S.L.P., simu ya mezani inayoanza na 023, na nembo aliyoichora binamu wa mwenye kampuni. Bosi akaingia asubuhi na kikaratasi chenye jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi. "Dada, weka kwenye ripoti zote." Akapanda pikipiki, akaenda ghalani.

Ripoti zote ni ngapi? Sikuwahi kuzihesabu. Kampuni yetu ni ndogo, inaendesha maghala ya mazao: korosho kuanzia Oktoba, ufuta na mbaazi katikati ya mwaka. Lakini ghala lina makaratasi kuliko magunia. Kuna ripoti ya mapokezi, ya ubora, ya unyevu, ya salio la wiki, ya mzigo uliotoka baada ya mnada, ya mwezi kwa benki, ya mwezi kwa watu wa bima, na nyingine ambazo nilikuta hakuna anayejua nani aliziomba. Violezo, yaani mafaili ya kuanzia kila ripoti, vilikuwa 23 vya Word na 11 vya Excel. Kila kimoja kilizaliwa kwa kunakili kingine, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na kichwa chake, yale maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa, na vichwa hivyo havikujuana.

Nilikaa siku mbili na nusu nikibadilisha kimoja kimoja. Wiki iliyofuata ripoti ya benki ikatoka na anwani mpya ukurasa wa kwanza na anwani ya zamani kurasa zote zilizobaki. Afisa wa benki hakukasirika, alicheka tu, na kicheko chake kiliniuma zaidi.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu majina. Wengi ofisini tunasema heda (header, ya juu ya ukurasa) na futa (footer, ya chini). Heda haina tatizo. Futa ndiyo balaa, hasa huku kusini kwenye ufuta. Siku moja nilimpigia simu kijana wa fildi aliyekuwa ghala la Lindi nikamwambia, "Kwenye ripoti ya ufuta, futa ya ukurasa wa pili, namba ya simu si sahihi." Simu ilikuwa inakatika. Baada ya dakika tano akanipigia kwa heshima zote: "Dada, nimeshafuta." "Umefuta nini?" "Ripoti ya ufuta." Nakala ilikuwepo, tukaipata jioni. Tangu siku ile ofisini kwetu ni kichwa na unyayo, na nitatumia maneno hayo hapa.

Sasa, kwa nini ukurasa wa kwanza ulikubali na zilizobaki zikagoma? Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza ya kazi. Kwenye Word kichwa si mali ya waraka, ni mali ya sehemu ya waraka. Ukiweka mkato wa sehemu, tuseme kwa sababu jedwali la uzito wa magunia ni pana na unataka ukurasa ulale, umezaa sehemu mpya yenye nafasi yake ya kichwa na unyayo. Na kila sehemu inaweza kubeba vichwa vya aina tatu: cha ukurasa wa kwanza, cha kurasa za shufwa, na cha kawaida. Ripoti yetu ya benki ina sehemu tatu. Tatu mara tatu ni vichwa 9, ongeza nyayo 9, jumla nafasi 18 ambako anwani ya zamani inaweza kujificha. Mimi nilikuwa nimebadilisha moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuunganisha chochote. Ni kupunguza. Fungua kila kiolezo, bofya mara mbili juu ya ukurasa, angalia kama alama ya kutofautisha ukurasa wa kwanza imewekwa, kisha ujiulize kama kweli unaihitaji. Sisi tuliiacha kwenye ripoti mbili tu zenye jalada. Ya shufwa na witiri tuliiondoa kote, maana hatuchapishi vitabu. Halafu nenda sehemu ya pili na ya tatu, uhakikishe kitufe cha kuunganisha na sehemu iliyotangulia kimewashwa. Kikiwa kimewashwa, kichwa cha sehemu ya pili kinafuata cha sehemu ya kwanza, na umebaki na mahali pamoja pa kugusa ndani ya waraka mmoja.

Kuna kero moja hapo. Ukurasa uliolala una upana mkubwa kuliko uliosimama, na kama nembo na anwani umezipanga kwa kugonga tabo za kawaida, anwani itaishia katikati ya ukurasa uliolala badala ya kufika ukingoni kulia. Watu wengi wanakata muunganisho kwa sababu hiyo tu, wanaanza kutengeneza kichwa cha pili, na ugonjwa unarudi. Tumia tabo inayopima kutoka ukingo, ile iliyopo kwenye zana za kichwa yenyewe, au jedwali lisilo na mistari lenye upana wa asilimia 100. Mimi nimechagua jedwali, kwa sababu vijana wanaokuja fildi wanalielewa haraka.

Baada ya usafi huo ndipo swali lenyewe linakuja: violezo 23 vitashirikije kichwa kimoja?

Njia ya kwanza niliyojaribu ni kuhifadhi kichwa kwenye vipande vya haraka vya Word, ili mtu akihitaji achague na kukipachika. Ni njia nzuri, rahisi, haivunjiki. Lakini ukishapachika, umepachika nakala. Anwani ikibadilika kesho, kipande kwenye hifadhi kinabadilika na zile nakala 23 zinabaki na ya jana. Tena mtu asikudanganye kwamba ukibadilisha kiolezo, nyaraka zilizozaliwa nacho zitafuata. Kuna chaguo la kusasisha mitindo kutoka kwenye kiolezo, na mitindo ya maandishi hufuata kweli, ila kichwa na unyayo havifuati.

Njia ya pili, tunayoitumia hadi leo, ni msimbo unaoitwa INCLUDETEXT. Unaandika kichwa kwenye faili lake peke yake, faili la kawaida la Word, ukaliweka kwenye folda ya pamoja. Kwenye kiolezo, ndani ya nafasi ya kichwa, hupachiki kichwa bali msimbo unaosema kichukuliwe wapi. Wetu unasomeka hivi:

{ INCLUDETEXT "M:\\VICHWA\\kichwa_ripoti.docx" }

Mambo mawili yaliyonipotezea mchana mzima. Mabano yale huyaandiki kwa kibodi. Unabonyeza Ctrl na F9, yanajitokeza yenyewe, unaandika katikati. Na mikwaju ya njia ya faili lazima iwe miwili miwili, la sivyo Word haioni faili. Ukimaliza unabonyeza F9 na kichwa kinatokea. Kumbuka pia kwamba ukiwa kwenye mwili wa waraka ukachagua vyote na kubonyeza F9, misimbo ya kichwani haiguswi. Lazima uingie kichwani kwanza.

Hiyo M: nayo ina kisa chake. Ni herufi ya folda ya pamoja, na kompyuta zote lazima ziiite kwa herufi hiyo hiyo. Laptopu ya Masasi ilikuwa inaiita Z:, basi kila ripoti kutoka Masasi ilikuja na mstari mzito wa kosa mahali pa nembo. Tulirekebisha kwa simu, ikachukua dakika kumi. Ghala lisilo na mtandao wa uhakika tunaliwekea nakala ya folda kwenye diski ya kompyuta yenyewe na kuipa herufi M. Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika na nchi nzima ikawa inakokota, wenzetu wenye vichwa mtandaoni walipata shida, lakini magunia hayasubiri mtandao.

Sasa sehemu iliyonifundisha zaidi, maana niliposhafaulu kuunganisha nilijiona fundi.

Mwanzoni mwa 2024 tulihama Vigaeni kwenda Shangani. Nikafungua faili moja, nikabadilisha mistari miwili, violezo vyote vikafuata. Nilijipongeza kwa sahani ya pweza. Miezi michache baadaye mkaguzi wa hesabu akaomba ripoti ya ghala ya Novemba 2023. Nikaifungua, nikaenda kwenye onyesho la kuchapisha, nikachapisha, nikampelekea. Akaisoma, akavua miwani. "Mama, Novemba 2023 mlikuwa Shangani?"

Hatukuwa Shangani. Lakini ripoti ilisema tulikuwepo, kwa sababu Word ilipokuwa inaandaa kurasa za kuchapisha ilikwenda kuchukua kichwa cha leo na kukiweka juu ya hesabu za jana. Namba zote ndani zilikuwa sahihi. Anwani moja tu ya uongo ikatufanya tuonekane tumeichapa upya usiku uliopita. Ilibidi tuchimbue barua pepe ya benki yenye nakala ya mwanzo.

Kiolezo kinapaswa kufuata mabadiliko, ripoti iliyotoka inapaswa kuganda. Siku ripoti inaposainiwa tunafanya mambo mawili: tunatengeneza PDF, na kwenye faili la Word tunakata msimbo ule ubaki kuwa maandishi ya kawaida, kwa Ctrl, Shift na F9.

Na hapo nikaanguka tena. Niliingia kichwani, nikachagua vyote, nikakata. Ripoti ya kurasa 14, kila ukurasa ukasema "Ukurasa wa 1 kati ya 14". Namba ya ukurasa nayo ni msimbo, na nilikuwa nimeikata pamoja na anwani. Suluhisho letu ni la kijinga ila linafanya kazi: utambulisho wote wa kampuni unakaa juu, namba za kurasa zinakaa chini, kwenye unyayo, na unyayo haukatwi kamwe. Kama ripoti bado ni rasimu na unataka tu isibadilike kwa muda, usikate, funga msimbo kwa Ctrl na F11. Kuufungua unaongeza Shift.

Unyayo wetu kwa hiyo hatujaushirikisha kabisa, na hili tulibishana na mhasibu. Yeye alitaka kila kitu kiwe pamoja. Mimi nikamuuliza unyayo una nini: jina la ripoti, toleo la kiolezo, tarehe, namba ya ukurasa. Hayo yote ni ya ripoti husika, si ya kampuni. Jina la ripoti tunalivuta kwa msimbo wa STYLEREF kutoka kwenye kichwa kikuu cha ndani, kwa hiyo anayebadilisha jina ndani haachi la zamani chini. Ukilazimisha kushirikisha vitu visivyofanana utaishia na faili la pamoja lenye masharti kumi, ambalo hakuna atakayethubutu kuligusa ukiwa likizo.

Kuna atakayesema, si mchapishe tu karatasi zenye nembo tayari, mambo yaishe? Tulikuwa nazo. Zilikuwa zinachapwa Dar na kuletwa kwa basi. Baada ya kuhamia Shangani tuliagiza maboksi manne, na yakawa njiani wiki ile ya mwanzo wa Mei 2024 mvua ilipoikata barabara Somanga. Yalifika yakiwa yamevimba kama maandazi. Karatasi ya nembo tayari ina uzuri wake kwenye barua ya kumpelekea mkuu wa mkoa, lakini kwa ripoti ya kila wiki ni gharama, na haisaidii chochote unapotuma PDF.

Excel nimeiacha mwisho kwa sababu sina habari njema. Huko kichwa hakichukuliwi kutoka faili jingine. Kinaandikwa kwenye kila karatasi (sheet) ya kitabu, yaani faili zima la Excel, na kina kikomo cha herufi 255 pamoja na misimbo yake. Anwani yetu mpya ndefu, ukiongeza barua pepe na namba ya mlipakodi, ilikaribia kugonga ukuta. Nafuu iliyopo ni kushikilia Ctrl, kuchagua karatasi zote za kitabu kwa pamoja, kisha kuweka kichwa mara moja kwenye mpangilio wa ukurasa. Ukimaliza zitenganishe mara moja, maana ukisahau na kuandika namba kwenye karatasi moja utakuwa umeiandika kwenye zote. Na angalia pambizo zako baada ya hapo, kwani mpangilio wa karatasi iliyokuwa mbele unaweza kuwa umefunika wa nyingine.

Vile vitabu 11 bado navibadilisha kwa mkono. Orodha yake nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la mafaili, yenye safu ya tarehe na safu ya saini ya aliyebadilisha, na kijana wa fildi wa mwaka huu ameshaanza kulalamika kwamba saini nyingi ni zake.